Mwiba wa Masizi: Historia ya Kaboni Ndani ya Mwili wa Binadamu

Tarehe 19 Septemba 1991, wapanda milima wawili kutoka Ujerumani walikuwa wakishuka kwenye milima ya Alps, mpakani mwa Italia na Austria, walipoona mgongo wa mtu ukitokeza kwenye barafu iliyokuwa ikiyeyuka. Walidhani ni mpanda mlima mwenzao aliyepotea karibuni. Kumbe mtu yule alikuwa amelala pale kwa takriban miaka 5,300. Dunia ikampa jina la Ötzi, na wataalamu wakaanza kumchunguza kuanzia unywele hadi utumbo.

Kwenye ngozi yake walihesabu alama 61, mistari na misalaba midogo, nyingi zikiwa kiunoni, magotini na kwenye vifundo vya miguu. Aliyemtia alama hizo alimchanja, kisha akasugua masizi ndani ya chale. Kwa kuwa viungo vya sehemu hizo vilikuwa vimechakaa, wapo wataalamu wanaoamini kwamba zile chale zilikuwa tiba na si pambo. Msomaji aliyewahi kuchanjwa chale na kupakwa dawa nyeusi utotoni hahitaji maelezo zaidi. Masizi yale yamekaa ndani ya ngozi zaidi ya miaka elfu tano bila kuoza wala kufutika. Lakini mapafu ya mtu huyohuyo yalikutwa meusi kwa moshi wa mioto aliyoiota maisha yake yote. Kaboni ilikuwa imemwingia kwa milango miwili, mmoja aliufungua mganga, mwingine haukufunguliwa na mtu.

Wiki saba kamili baada ya Ötzi kuonekana, tarehe 7 Novemba 1991, jarida la Nature lilichapisha ripoti fupi ya mwanafizikia wa Kijapani, Sumio Iijima, wa maabara ya kampuni ya NEC mjini Tsukuba. Iijima alikuwa akichungulia kwa hadubini ya elektroni uchafu mweusi uliojikusanya kwenye ncha ya fimbo ya grafiti baada ya kupigwa cheche kali za umeme. Ndani ya uchafu ule aliona sindano. Kila sindano ilikuwa mrija wenye mrija mwingine ndani yake, tabaka 2 hadi 50 hivi za kaboni, mithili ya mikeka iliyoviringishwa mmoja ndani ya mwingine. Upana wake ulikuwa kati ya nanomita 4 na 30, ilhali unywele wa binadamu una upana wa nanomita 80,000 hivi. Mirija hiyo ndiyo leo huitwa nanotyubu za kaboni.

Masizi ya Ötzi na sindano za Iijima ni elementi ileile. Kaboni ikiingia mwilini, ni kitu gani kinachoamua kama itakaa kwa amani au italeta maradhi? Swali hilo lilichukua karne nyingi kuulizwa vizuri.

Wavulana wa London na vali ya Minnesota

Aliyelifungua jalada hili kwa upande wa maradhi ni daktari wa upasuaji Percivall Pott wa Hospitali ya St Bartholomew, London. Mwaka 1775 alieleza saratani ya mfuko wa korodani iliyowaandama watu waliosafisha mabomba ya moshi. Kazi hiyo walianza wakiwa watoto wadogo, wakipenyezwa ndani ya mabomba membamba ya nyumba za matajiri ili wakwangue masizi, na masizi yakajaa kwenye mikunjo ya ngozi yao. Wengi waliugua wakiwa wameshakuwa watu wazima. Pott aliitaja kazi yao kuwa chanzo cha ugonjwa wao, na kwa hilo anakumbukwa kama mmoja wa watu wa kwanza kuihusisha saratani na kitu kilichotoka nje ya mwili.

Katika karne ya 20 ilibainika kwamba mkosaji hakuwa kaboni yenyewe. Masizi hayatembei peke yake. Yamebeba kemikali za lami zilizojishika juu yake, na mojawapo, benzopirini, ilitengwa kutoka kwenye lami ya makaa ya mawe miaka ya 1930. Basi hili liwe funzo la kwanza, nalo tutalirudia: kabla hujaishtaki kaboni, mtazame aliyefuatana naye.

Upande wa tiba ulipata ushahidi wake katika sehemu isiyotarajiwa. Katikati ya miaka ya 1960, daktari wa upasuaji wa moyo Mmarekani, Vincent Gott, alikuwa akipambana na tatizo moja sugu. Karibu kila kitu alichokiweka kwenye mkondo wa damu kiliifanya igande. Kipimo chake kilikuwa hakina huruma: pete ndogo ya kitu kinachojaribiwa iliwekwa ndani ya mshipa mkubwa wa mbwa, na mara nyingi saa mbili hazikupita kabla ya pete hiyo kuzibwa na bonge la damu. Grafiti ilionyesha nafuu. Ndipo alipofahamiana na Jack Bokros, mtaalamu wa kampuni ya General Atomic huko San Diego, ambaye kazi yake haikuhusu moyo hata kidogo. Bokros alikuwa akivika chembe za mafuta ya nyuklia koti la kaboni ngumu, lililopatikana kwa kupasua gesi yenye hidrokaboni katika joto kali mpaka iache tabaka jembamba, gumu na laini kwa kuguswa. Koti hilo lilikusudiwa kuzuia mabaki ya mionzi yasivuje ndani ya vinu vya nyuklia.

Wawili hao walipokutanisha kazi zao, damu iliikubali kaboni ile kuliko vitu vingi vilivyojaribiwa kabla yake. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ilianza kutumika katika vali za moyo, na tarehe 3 Oktoba 1977, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, mgonjwa wa kwanza aliwekewa vali ya St. Jude yenye vipande viwili vya nusu duara vinavyofunguka na kufunga kama mlango wa mabawa mawili. Vali za ukoo huo zimeenea duniani. Mtu ambaye mafindofindo ya utotoni yasiyotibiwa yalimharibia moyo, akafanyiwa upasuaji pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Muhimbili, au kwingineko, na kuwekewa vali ngumu ya bandia, kuna uwezekano mkubwa kuwa amebeba kaboni kifuani. Usiku ukitulia, huisikia ikigonga. Kila siku humeza wafarini, kwa sababu hata kaboni hii haijaiondoa kabisa hatari ya damu kuganda.

Kwa hiyo kufikia miaka ya 1980, madaktari walikuwa na sababu ya kuiamini kaboni. Waliyoiamini, hata hivyo, ilikuwa kipande kizima, kilichong'arishwa na kushonewa mahali pamoja.

Mpira wa karatasi, kisha barua ya onyo

Septemba 1985, Harry Kroto kutoka Uingereza alifika Chuo Kikuu cha Rice, Houston, akitaka kujua jinsi kaboni inavyojiunga karibu na nyota. Yeye, Richard Smalley, Robert Curl na wanafunzi wao walipiga grafiti kwa leza na kupima uzito wa vipande vilivyoruka. Kila waliporudia, kundi la atomi 60 lilijitokeza kuliko mengine. Atomi 60 zinakaaje pamoja bila kuacha ncha inayoning'inia? Usiku mmoja Smalley aliketi kwake na karatasi, mkasi na gundi ya utepe. Alikata pembesita na kuzibandika, zikakataa kufunga. Alipochanganya na pembetano, karatasi ikaanza kujikunja yenyewe hadi ikawa tufe lenye pembetano 12 na pembesita 20, sawasawa na mpira wa miguu. Mwaka 1996 Kroto, Curl na Smalley walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Mwaka 1990 Wolfgang Krätschmer na Donald Huffman walipata njia ya kutengeneza mipira hiyo, fulerini, kwa kiasi cha kutosha kupimwa na kila mwenye maabara. Matumaini ya tiba yakafuata mara moja. Mwaka 1993, wakati Ukimwi ulikuwa bado hauna dawa ya kuutuliza kwa muda mrefu, watafiti wa California walionyesha kwamba fulerini inatosha ndani ya shimo la kimeng'enya ambacho virusi vya Ukimwi hukihitaji ili kukomaa, kama kizibo kwenye mdomo wa chupa. Dawa ya hospitali haikutoka humo, lakini mlango ulikuwa umefunguliwa. Nanotyubu zilipokuja, orodha ya ahadi ilirefuka: kubeba dawa hadi ndani ya seli, kuunguza uvimbe kwa mwanga, kuunganisha neva zilizokatika.

Shangwe hiyo ilipokuwa ndiyo kwanza inaanza, mwaka 1992, Nature ilichapisha barua fupi ya G. V. Coles. Hakuwa na jaribio lolote la kuonyesha. Alikumbusha tu kwamba nyuzi nyembamba, ndefu na zisizooza ziliwahi kuingia kiwandani kwa vigelegele, na jina lake lilikuwa asbesto.

Ukumbusho huo ulikuwa na uzito. Mwaka 1960, J. C. Wagner na wenzake nchini Afrika Kusini walieleza wagonjwa 33 wa mesotelioma, saratani ya utando unaofunika mapafu, ugonjwa uliokuwa nadra mno. Karibu wote walihusiana na asbesto ya buluu ya Rasi ya Kaskazini, na baadhi yao hawakuwahi kuchimba madini. Walikuwa wameishi tu jirani na migodi, au walicheza utotoni kwenye vifusi vyake. Kufikia hapo asbesto ilikuwa imeshaezeka nusu ya dunia. Wengi wetu Afrika Mashariki tulisoma chini ya paa zake za kijivu.

Marekani, katika miaka ya 1970, Mearl Stanton alifanya kazi ya kuchosha ya kuweka nyuzi za aina nyingi kwenye kifua cha panya, si asbesto peke yake bali hata vioo na madini mengine. Kilicholeta uvimbe hakikuwa jina la kitu wala kemia yake. Nyuzi zilizozidi mikromita 8 kwa urefu, na zisizozidi robo ya mikromita kwa unene, ndizo zilizoua zaidi. Hapo likazaliwa funzo la pili: mwili unalisoma umbo. Donge na mwiba vinaweza kuwa vya kitu kimoja, lakini mwili hauvipokei kwa namna moja.

Panya, samaki na rangi ya zambarau

Jaribio la kwanza la mapafuni liliwafariji watu. Mwaka 2001 kundi la Warsaw liliweka masizi yenye nanotyubu kwenye mapafu ya simbilisi, likapima upumuaji wao baada ya wiki nne, likaona hakuna shida. Lakini wiki nne ni muda mfupi kwa kovu, na kupima pumzi si sawa na kulichunguza pafu lenyewe.

Januari 2004 zilitoka ripoti mbili pamoja. Chiu-Wing Lam na wenzake, katika kituo cha NASA cha Houston, waliweka nanotyubu za ukuta mmoja kwenye mapafu ya panya wadogo na kukuta vinundu, yaani seli za kinga zimejikusanya kuzunguka kitu ambacho zimeshindwa kukiondoa. David Warheit wa DuPont naye alikuta vinundu kwa panya wakubwa, na katika dozi ya juu asilimia 15 ya panya walikufa. Walipopasuliwa, hawakukutwa na sumu iliyowaua. Nanotyubu zilikuwa zimeshikana kuwa mabonge, zikaziba njia ya hewa. Mwaka uliofuata Anna Shvedova na wenzake, huko Morgantown, West Virginia, walionyesha kwamba hata penye nanotyubu zilizotawanyika, mbali na mabonge, kuta za mapafu zilianza kuwa nene kwa makovu. Shvedova alikuwa ameshaonyesha mwaka 2003 kwamba chuma kilichotumika kama kichocheo cha kutengenezea nanotyubu, kikabaki ndani yake, kilichangia kuziumiza seli za ngozi. Yalikuwa yaleyale ya masizi ya London, ya mwenzake kaboni kufanya uhalifu na kaboni kushtakiwa.

Mwaka huohuo wa 2004 ndipo samaki walipoingia kwenye habari. Eva Oberdörster wa Chuo Kikuu cha Southern Methodist, Dallas, alitia fulerini kwenye matangi ya samaki aina ya bass, kiasi cha sehemu 0.5 kwa milioni. Baada ya saa 48, mafuta ya ubongo wa baadhi yao yalionyesha kuharibika. Magazeti yakatangaza kwamba nanoteknolojia inaua ubongo wa samaki. Ila fulerini haiyeyuki majini, na ili kuitawanya ilikuwa imepitishwa kwenye kiyeyushi kiitwacho tetrahidrofurani. Mwaka 2007 watafiti wengine walijaribu kwa vifaranga vya samaki pundamilia, wakatenganisha mambo. Sumu waliyoiona ilitokana na mabaki ya kuchakaa kwa kiyeyushi. Fulerini iliyotawanywa kwa maji peke yake haikuwaua.

Hata kipimo chenyewe kilidanganya. Maabara nyingi hupima uhai wa seli kwa kutia dawa ya njano ambayo seli hai huigeuza kuwa fuwele za zambarau. Zambarau ikikolea, seli ni hai. Ikipauka, zimekufa. Mwaka 2006 watafiti wa Karlsruhe, Ujerumani, walitia nanotyubu kwenye seli za mapafu, na baada ya siku moja zambarau ikashuka hadi karibu nusu. Kwa mkono mwepesi ungeandika kwamba nusu ya seli zimekufa. Wao wakarudia kwa kipimo cha rangi nyingine inayoyeyuka vizuri, na seli zikaonekana nzima. Nanotyubu zilikuwa zimezikumbatia fuwele za zambarau zisiyeyuke zikasomwa. Ripoti kadhaa za miaka ya nyuma ikabidi zisomwe upya.

Mtu anaweza kuyaona haya kuwa fedheha ya sayansi. Mimi nayaona kuwa ndiyo historia yenyewe. Asbesto ilitumika miongo mingi kabla ya ripoti ya Wagner. Nanotyubu ziliulizwa ndani ya mwaka mmoja, na zikaulizwa vibaya, na aliyeuliza vibaya akasahihishwa hadharani.

Chatu na rungu

Mwaka 2008 jibu lilianza kushika umbo. Craig Poland, Ken Donaldson na wenzao, Edinburgh, walidunga nanotyubu za kuta nyingi kwenye uwazi wa tumbo la panya, mahali penye utando wa jamii moja na ule wa mapafu. Kwa makusudi walichagua za aina mbili. Baadhi zilikuwa ndefu na zimenyooka, nyingine fupi au zimejiviringa kama nyuzi za sufu. Kando yake waliweka asbesto ndefu na asbesto fupi za kulinganishia. Ndani ya siku saba, nanotyubu ndefu zilileta uvimbe na vinundu kama asbesto ndefu. Zile zilizojiviringa zilipita karibu bila kelele.

Chini ya hadubini sababu ilionekana kwa macho. Mwilini mwetu kuna seli ziitwazo makrofaji, ambazo kazi yake ni kumeza kila kisichotakiwa. Upana wa seli hiyo ni mikromita kumi na kitu. Ikikutana na donge, hulizungushia mwili wake, hulifunga na kuondoka nalo. Ikikutana na mwiba mrefu kuliko yenyewe, huanza kuumeza kwa ncha moja, na ncha ya pili hubaki nje, kama chatu aliyejaribu kumeza rungu. Kinywa hakifungi. Vimeng'enya na kemikali kali ilizozitoa kwa ajili ya kuyeyusha windo humwagika kwenye tishu za jirani. Seli nyingine huja kusaidia, nazo hukwama. Mwiba hauozi, na vita haviishi.

Mwaka huohuo Atsuya Takagi na wenzake wa Tokyo waliripoti mesotelioma kwa panya waliopungukiwa kinga ya kurithi dhidi ya saratani, baada ya kudungwa nanotyubu aina ya MWCNT-7, ambazo ni nene, ngumu na zimenyooka. Wakosoaji walisema dozi ilikuwa kubwa mno. Mwaka 2016 jaribio jingine la Japani likaondoa sindano kabisa. Panya waliachwa wavute hewa yenye MWCNT-7 saa 6 kwa siku, siku 5 kwa wiki, kwa miaka miwili, na saratani ya mapafu ikaonekana. Kabla ya hapo, mwaka 2013, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, ilikuwa imependekeza kwamba mfanyakazi asivute zaidi ya mikrogramu 1 ya nanotyubu kwa kila mita moja ya ujazo ya hewa kwa zamu ya saa 8. Mwaka 2014, mjini Lyon, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka MWCNT-7 katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu. Nanotyubu nyingine ziliwekwa kando kwamba ushahidi wake hautoshi kuhukumu. Hukumu haikutolewa kwa kaboni, wala kwa nanotyubu zote. Ilitolewa kwa umbo moja lenye namba yake.

Kuuvika mwiba nguo

Wakati wataalamu wa sumu wakihesabu vinundu, wakemia walikuwa wakiuliza kama mwiba unaweza kufugwa. Mwaka 2004 kundi la Vicki Colvin, Rice, lilionyesha kwamba fulerini tupu na fulerini iliyozungushiwa vikundi vingi vya hidroksili, vinavyopenda maji, hutofautiana mno kwa ukali mbele ya seli za kwenye sahani. Mwaka 2006 Kostas Kostarelos wa London, pamoja na Maurizio Prato wa Trieste na Alberto Bianco wa Strasbourg, walidunga mishipa ya panya kwa nanotyubu zilizovikwa kemikali za kuzifanya zielee majini kila moja peke yake. Zilitoka kwenye mkojo, na ndani ya saa 3 hivi nusu yake ilikuwa imeshaondoka kwenye damu.

Dai kwamba nanotyubu haziozi nalo likatikiswa, na aliyelitikisa ni mzizi wa mboga. Pittsburgh, mwaka 2008, Alexander Star, Valerian Kagan na wenzao walizichanganya nanotyubu na kimeng'enya kinachotolewa kwenye mzizi mmoja mkali wa Ulaya, unaokunwa na kuliwa kama haradali, kisha wakaongeza haidrojeni peroksaidi kidogo kidogo. Waliziacha kwenye baridi ya jokofu. Baada ya wiki kadhaa zilikuwa zimekatikakatika. Miaka miwili baadaye Kagan alionyesha kwamba seli nyeupe za damu ya binadamu, nyutrofili, zina kimeng'enya cha ukoo huo na zinaweza kuzimeng'enya nanotyubu, na kwamba nanotyubu zilizokwishamomonyolewa hivyo hazikuwasha mapafu ya panya. Mwili una meno. Kazi ya mkemia ni kuupa kitu kinachotafunika, kifupi, laini, kilichovikwa kwa namna ambayo nyutrofili zitakitambua.

Palipo na tumaini, soko halichelewi. Mwaka 2012 kundi la Fathi Moussa, Paris, lilikuwa likichunguza sumu ya muda mrefu ya fulerini iliyoyeyushwa kwenye mafuta ya zeituni. Panya waliopewa mchanganyiko huo, 6 tu kwa kundi, waliishi karibu mara mbili ya wenzao wa maji matupu. Muda si mrefu chupa za mafuta mekundu ya fulerini zilikuwa zikiuzwa mtandaoni kwa wanaotafuta maisha marefu. Mwaka 2020 watafiti wengine walirudia kwa panya wadogo, uhai haukurefuka, na chupa iliyoachwa kwenye mwanga iligeuka kuwa sumu. Rafu ya dukani yenye taa ilitosha kulibadilisha jibu.

Moussa huyohuyo alirudi mwaka 2015 na habari isiyouzika. Yeye na wenzake walichunguza majimaji na seli za mapafu ya watoto 69 wa Paris wenye pumu, wakakuta nanotyubu za kaboni zinazofanana na zile zilizokutwa kwenye moshi wa magari. Hazikutoka maabara. Moto wowote unaochoma mafuta au kuni unaweza kuzizalisha kwa bahati tu, na Ötzi pengine alizivuta. Hii haina maana kwamba zimezoeleka kiasi cha kutodhuru. Maana yake ni kwamba mtu anayepika jikoni kusiko na dirisha ana haki ya kuuliza swali lilelile analouliza mfanyakazi wa kiwanda cha nanotyubu.

Baiskeli ya Edinburgh

Leo kaboni ndogo imeshaingia chumba cha upasuaji kwa mlango wa mbele. China, madaktari wanaoondoa saratani ya tezi ya shingo hudunga tone la chembe za kaboni zenye upana wa nanomita 150 hivi. Ni kubwa mno kupenya kwenye mishipa midogo ya damu, lakini njia za limfu huzipokea. Baada ya dakika chache tezi za limfu huwa nyeusi kama zimechovywa wino, ilhali tezi nne ndogo za parathairoidi, zinazolinda kiwango cha kalsiamu na ambazo daktari hatakiwi kuzikata, hubaki na rangi yake ya udongo. Daktari huona mara moja cha kuondoa na cha kuacha. Mganga wa Ötzi angeielewa kazi hii.

Kisha kuna grafini, karatasi ya kaboni yenye unene wa atomi moja, ambayo Andre Geim na Konstantin Novoselov waliibandua kutoka kwenye grafiti kwa gundi ya utepe mjini Manchester mwaka 2004. Septemba 2024 ilitangazwa kwamba katika Hospitali ya Salford Royal, jirani na Manchester, utando wenye elektrodi za grafini uliwekwa juu ya ubongo wa mgonjwa wakati wa upasuaji wa uvimbe, ili kusoma umeme wa ubongo kwa karibu kuliko ilivyozoeleka.

Lakini tukio ninaloliona kuwa kubwa zaidi halikuwa na kisu. Februari 2024 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika Edinburgh, mji uleule wa Poland na Donaldson, likiwashirikisha pia watafiti wa Manchester, Kostarelos akiwemo. Watu 14 wenye afya njema waliingia, kwa siku tofauti, kwenye chumba maalumu kilicholetwa kutoka Uholanzi. Walivaa barakoa, wakaendesha baiskeli isiyokwenda popote kwa saa mbili, huku wakivuta hewa iliyochanganywa na chembe nyembamba za oksaidi ya grafini iliyosafishwa kwa uangalifu. Siku nyingine walivuta hewa safi tu, ili kulinganisha. Pumzi yao, shinikizo la damu na dalili za uvimbe mwilini havikubadilika kwa namna ya kutisha. Kulikuwa na ishara ndogo kwamba damu yao ilielekea kuganda kidogo zaidi ilipopimwa nje ya mwili, na watafiti waliiandika bila kuificha.

Saa mbili si miaka ishirini ya kiwandani, na watu 14 si taifa. Aina moja ya grafini haiwezi kuzisemea nyingine, kama vile nanotyubu iliyojiviringa isivyoweza kuisemea ile iliyonyooka. Hata hivyo ukiwapanga kwenye mstari watu ambao kaboni imewaingia tangu tulipoanza, Ötzi motoni pake, wavulana wa Pott ndani ya mabomba, watoto wa vifusi vya Rasi ya Kaskazini, utaona kwamba hawa 14 wana kitu ambacho wale hawakuwa nacho. Walielezwa wanachokwenda kuvuta, kiasi gani na kwa muda gani. Na walikuwa na ruhusa ya kushuka kwenye baiskeli.